Harufu Iliyokuja na Bibi Harusi

Fundi Volti alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu. Akiingia nyumbani kwa mtu, kabla hajasalimia, macho yako darini. Ataikagua taa, ataikagua swichi, atafuata njia ya waya mpaka unapoingia ukutani, ndipo atakapowakumbuka wenye nyumba na kuwauliza habari za asubuhi. Na kama kazi ya fundi aliyemtangulia haikumpendeza, ole wenu. "Huyu amelipua," atasema, mikono kiunoni, kana kwamba nyinyi ndio mliolipua. "Huyu alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Mafundi wenzake waliuogopa mdomo wake. Wateja walimpenda kwa mdomo huohuo, kwa kuwa mtu anayewasema wengine namna ile bila shaka yeye mwenyewe hana doa. Yeye naye aliamini hivyohivyo kwa miaka ishirini na sita.

Siku dada yake mkubwa alipompigia simu, alikuwa juu ya ngazi katika duka la dawa, bisibisi ameiuma kwa meno.

"Mdogo wangu, Jumamosi baada ya chakula cha mchana uje. Tuna kikao."

"Kikao cha nini tena? Umeme umesumbua?"

"Ingekuwa umeme ningeshukuru. Ni huyu mkamwana wangu. Ananiunguzia nguo ndani ya nyumba, na ukimuuliza anakataa kavukavu. Uje ukae kama mjomba. Mkoba wako wa kazi uuache hukohuko."

Basi akauacha. Jumamosi alivaa shati la mikono mirefu, akajipaka manukato kidogo, akaenda kuwa mtu mzima.

Nyumba ya dada yake ilikuwa ya chini, yenye korido ndefu katikati na vyumba pande zote mbili. Marehemu shemeji yake aliifungia kiyoyozi cha nyumba nzima kwa sababu ya kifua cha mkewe, ambaye joto na vumbi vilimbana pumzi tangu ujana. Mashine yenyewe ilikaa stoo, mwisho wa korido. Ilipuliza hewa baridi kila chumba, kisha ikaivuta tena kupitia wavu mpana uliofungwa kwenye dari ya korido. Juu ya dari hiyo palikuwa na uwazi ambao mtu angeweza kuingiza kichwa na mabega tu, na humo ndimo hewa yote ya nyumba ilimopita ikirudi kwenye mashine, ipozwe upya, igawanywe tena. Fundi Volti alipenda kuwaeleza wateja wenye nyumba za namna ile. Hapa ndipo nyumba inapovutia pumzi, aliwaambia. Msiweke kitu humu. Kikiungua kitu humu, moshi utafika kila kitanda kabla hamjajua umetoka wapi.

Siku hiyo harufu ilimpokea mlangoni kabla ya watu.

Watu wa nyumba ile waliiita harufu ya nguo iliyoungua. Pua yake haikukubaliana nao hata kidogo. Nguo ya pamba ikiungua inanuka kama karatasi. Hii ilikuwa plastiki ya waya iliyopashwa moto polepole, ina utamu fulani mbaya, na inakwaruza koo. Macho yake yalipanda darini kama kawaida yake, yakaenda moja kwa moja kwenye wavu wa korido, na moyo ukamfanya paa. Alikuwa amekumbuka.

Miezi minne iliyopita, siku moja kabla ya harusi ya mpwa wake, dada yake alimwomba avute laini mpya ya umeme mpaka chumba cha maharusi. Bibi harusi alikuwa mshonaji wa sare za shule. Angekuja na cherehani ya umeme na pasi nzito ya kazi, na soketi kuukuu ya chumba kile isingevumilia. Kazi ya halali ilikuwa kuchimba ukuta, kulaza bomba, kupitisha waya, kuziba na kupaka rangi. Lakini kuta zilikuwa zimepakwa rangi juzi yake, na wageni walikuwa wameshaanza kushusha mabegi. Fundi Volti akafungua wavu wa korido achungulie tu. Akaiona njia iliyonyooka, kavu, kutoka kwenye boksi la swichi kuu mpaka juu ya chumba cha maharusi, haina hata msumari wa kumzuia. Akaupitisha waya mtupu humo ndani, bila bomba, akamaliza kabla chai haijapoa, akashuka huku anasifiwa. Nitarudi baada ya harusi niuweke sawa, alijiambia. Harusi ikapita, na yeye hakurudi.

Sasa alikuwa amerudi, na shati la mikono mirefu.

Sebuleni dada yake alikuwa kwenye kochi kubwa, kipulizio chake cha pumu mkononi. Pembeni yake alikaa shangazi wa mpwa wake, dada wa marehemu, mwanamke aliyezaliwa ili asimamie mambo ya wengine. Mpwa wake alikuwa ukingoni mwa kiti, akilitazama zulia kama anayehesabu nyuzi zake. Na karibu na mlango, kwenye kiti cha plastiki kilicholetwa kutoka jikoni, alikaa mkamwana mwenyewe, na mapajani mwake rundo la sare zilizokunjwa.

"Mjomba umefika, tuanze," akasema shangazi. "Mimi sipendi maneno ya kusikia, napenda ushahidi. Leo saa nne asubuhi tumemwambia bibi huyu apige pasi kama kawaida yake, sisi tukakaa hapahapa. Hata saa moja haikuisha. Si unaisikia harufu mwenyewe?"

"Naisikia," akasema Fundi Volti.

"Miaka kumi na miwili nyumba hii ina kiyoyozi," akasema dada yake, "na harufu hii haikuwahi kuwepo. Imekuja na yeye. Jamani, mimi simchukii huyu mtoto. Nampenda. Lakini akianza kupiga pasi, mimi natafuta pumzi kila chumba na siipati. Angesema tu, 'Mama, ninaunguza,' tungemfundisha, yangekwisha. Kinachoniuma ni kukataa."

"Mama, siunguzi," akasema mkamwana. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kusema neno hilo mara nyingi na hatarajii tena kitu. "Sare za leo hizi hapa, kumi na moja. Zitazameni moja moja." Akainua rundo lake. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akalirudisha mapajani. "Na harufu haitoki chumbani kwangu. Inatoka kwenye ule wavu wa korido. Nilipanda kiti nikanusa."

"Ala!" shangazi akapiga makofi. "Sasa dari nayo inapiga pasi?"

Mpwa wake akacheka. Alicheka kwa woga tu, kama watu wanavyocheka kwenye vikao, lakini mkewe aligeuza shingo akamtazama, na kijana akarudi haraka kwenye zulia lake. Hata hivyo, kidogo alikuwa na haya, maana baada ya muda aliinua kichwa akauliza.

"Mjomba, ile laini wewe ndiye uliyeivuta. Haiwezekani ikawa ni waya?"

Wote wakamgeukia. Sikia sasa jibu la mtu mwerevu.

"Laini ile niliivuta kwa mkono wangu," akasema.

Si uongo. Ni kweli tupu, na ndio ubaya wake. Dada yake alitikisa kichwa kwa kuridhika. Shangazi alifungua viganja hewani, kana kwamba kesi imekwisha. Fundi Volti alihisi joto likimpanda kutoka kifuani mpaka masikioni, akashukuru kwamba ngozi yake haitoi siri.

Lakini mkamwana hakumwachia. Alisogea mbele kwenye kiti chake. Usoni hakuwa na shari yoyote, alikuwa anamtazama kama mtu pekee mle ndani aliyesomea jambo hilo, na kwa kweli ndiye aliyekuwa.

"Mjomba, nakuomba. Panda tu utazame. Ukisema hakuna kitu, mimi sitasema tena."

Ngazi ilikuwa stoo, hatua ishirini kutoka pale alipokaa. Angeweza kusimama. Angeweza kusema "ngoja nione," kisha apande, ashuke, aseme alichokiona, na aibu yake ingekuwa ya siku moja. Lakini alimwona shangazi akisubiri. Alijua mwanamke yule ana simu na ana marafiki, na kabla ya jua kutua mji mzima ungejua kwamba Fundi Volti, anayewaumbua wenzake, amelipua kazi nyumbani kwa dada yake wa tumbo moja.

"Mwanangu," akasema kwa upole, na upole ule ndio uliokuja kumtesa baadaye kuliko maneno yenyewe, "waya wa miezi minne hauungui."

Mkamwana akaegemea nyuma. Kama alivyoahidi, hakusema tena.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Shangazi akatoa shauri: binti aende kwa mama yake wiki mbili, akapumzike, na huku nyuma tuone kama harufu itakuwepo. Kila mtu aliona ni shauri la haki. Fundi Volti peke yake ndiye aliyejua ni mtego usio na mlango. Bila mkamwana hakuna pasi, bila pasi waya haupati moto, bila moto hakuna harufu. Wiki mbili zingepita safi, na usafi wenyewe ungekuwa hukumu. Alijua, akanywa chai, akaaga.

Jumapili alishinda nyumbani akijipangia mambo. Atakwenda Jumatatu kwa kisingizio cha kusafisha vumbi la wavu. Ataung'oa waya ule, atavuta mwingine kwa njia ya halali, ndani ya bomba, pembeni mwa ukuta. Mkamwana atarudi, atapiga pasi, harufu haitakuwepo, watu watasahau. Hakuna atakayeumia. Aliupitia mpango huo mara tatu na kila mara aliuona mzuri, na kila mara chakula kilimshinda.

Jumatatu asubuhi dada yake alikuwa peke yake, kijana ameenda kazini. Safari hii Fundi Volti alikuja na mkoba. Akazima umeme wa nyumba nzima, akaweka ngazi koridoni, akafungua skrubu za wavu moja moja, akaingiza kichwa na tochi.

Alipoona, alishika ngazi kwa mikono yote miwili.

Kuna jambo ambalo hata yeye alikuwa amejisahaulisha. Siku ile waya ulikuwa umempungukia, hatua tatu tu. Duka liko mbali, wageni wako sebuleni, na ndani ya mkoba kulikuwa na kipande kilichobaki kwenye kazi nyingine. Akaunga. Alisokota ncha kwa koleo, akazungusha tepu nyeusi, akakiacha kiungo kile kimelala humo bila boksi, juu ya papi, ule ubao mwembamba unaoshika dari. Kwa kazi ndogo kingevumilia. Kwa pasi nzito ya saa tatu kila siku, kiungo kilicholegea kinageuka jiko, na swichi ya usalama haina habari, kwa kuwa umeme haujazidi, unapita tu mahali pabaya. Tepu ilikuwa imeyeyuka ikadondoka. Ganda la waya lilikuwa jeusi mpaka shaba inaonekana. Vumbi la miaka kumi na miwili, lile laini kama pamba, lilikuwa limekusanyika pande zote, na chini ya kiungo papi ilikuwa imebabuka, doa jeusi la ukubwa wa sahani. Aliligusa kwa kidole. Kidole kikazama kidogo.

Hakuwa na haja ya kuambiwa ilikuwa imebaki nini. Sare kumi na tano badala ya kumi na moja. Labda ishirini. Vumbi lingeshika, papi ingeshika, na mashine ingefanya kazi yake kwa uaminifu: kuvuta moshi wa plastiki na kuupuliza vyumbani, baridi, kwanza chumba cha dada yake kilicho karibu na stoo. Mwenye mapafu mazima angetoka nje akikohoa. Mwenye kipulizio asingefika mlangoni. Na watu wangetafuta moto chumbani kwa mkamwana, wasiukute, maana ungekuwa juu ya vichwa vyao.

Alifuta masizi ya kidole kwenye suruali.

"Umemaliza huko?" dada yake aliita kutoka chini. Alikuwa amekuja na kiti, amekaa kumpigia soga kama zamani walipokuwa watoto, yeye akifua na mdogo wake akimmwagia maji. "Na wewe umeona lakini? Tangu Jumamosi hewa safi. Nimelala usingizi wa mtoto mchanga. Mungu anisamehe, mdogo wangu, ila yule binti alikuwa ananiua."

Hapo juu, kichwa chake kikiwa gizani na miguu yake kwenye mwanga, Fundi Volti alisikia mpango wake wa Jumapili ukivunjika. Aliona jinsi ulivyo. Akitengeneza kimyakimya, mkamwana atarudi, atapiga pasi, harufu haitakuwepo, na dada yake atasema: unaona, amejifunza. Atasema kwa mapenzi kabisa. Atawaambia majirani, atawaambia wajukuu watakaozaliwa, jinsi mama yao alivyokuwa mkaidi na mwongo mwanzoni, akanyooshwa kidogo, akanyooka. Kila siku ya hewa safi ingekuwa ushahidi dhidi ya binti. Na yeye mjomba ndiye angekuwa ameufunga ushahidi huo kwa mikono yake, ndani ya bomba, vizuri, kwa kazi ya halali.

Akakata waya pande mbili, akashuka na kipande kilichoungua.

"Dada, aliyekuwa anakuua ni mimi."

Alimweleza yote. Alimweleza vibaya, akirudi nyuma na mbele, akitaja boksi na papi na tepu, mambo ambayo dada yake hakuyaelewa. Lakini kipande chenyewe kilinuka, na harufu ile alikuwa anaijua kuliko mtu yeyote. Alikishika, akakisogeza puani, akakirudisha haraka.  Fundi Volti alisubiri atukanwe, na ingekuwa nafuu kubwa kutukanwa.

"Kitupe," dada yake akasema.

"Nini?"

"Kitupe hicho kitu, wala usimwonyeshe mtu. Tengeneza unavyojua. Mimi nitampigia yule mtoto sasa hivi arudi. Nitamwambia nimemsamehe."

"Umemsamehe nini, dada?"

"Usinishike maneno!" Sauti yake ilipanda, kifua kikaanza kumbana, akavuta kipulizio. Alipoongea tena alikuwa anaomba. "Mimi nimewaita watu. Nimemkalisha mtoto wa watu kwenye kiti cha jikoni mbele ya wifi yangu. Unamjua wifi yangu. Nikimwambia nilikosea, nitauweka wapi uso wangu? Na wewe, jina lako lote hilo! Akirudi kwa wema si inatosha? Nani ataumia?"

Ni maneno yake mwenyewe ya Jumapili, yametoka kwenye kinywa kingine. Na ukweli usemwe wote: alikubali. Aliinamisha kichwa, akakubali, akakiviringisha kile kipande na kukitia mfukoni mwa mkoba, na alihisi raha ya ajabu, raha ya mtu aliyepata mwenzake wa kujificha naye. Ilidumu muda wa dada yake kutafuta namba na simu kuita. Dada yake alikuwa mmoja wa wale watu wasioongea na simu ila kwa spika, kaishika mbele ya mdomo kama kioo.

"Mwanangu, ni mama. Rudi nyumbani. Nimekaa nimefikiri, yameisha. Nimekusamehe."

 Sauti ya mkamwana ikatoka, ndogo, ya heshima.

"Asante, mama. Na mimi nilitaka kukupigia. Nisamehe sana. Nimefikiri siku hizi mbili, nimeona pengine kweli nilikuwa naunguza. Sioni alama kwenye nguo, sisikii harufu mikononi, lakini mjomba ni fundi na amesema si waya. Basi itakuwa ni mimi, na sijui kwa nini silioni kosa. Mama yangu anasema labda nina tatizo, nikapimwe kichwa. Mama, sitarudi na cherehani. Nimewaambia wenye sare waje wachukue vitambaa vyao."

Dada yake aliishusha simu mapajani. Alimtazama mdogo wake, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wao, Fundi Volti aliona dada yake hajui la kufanya.

Alikuwa ameumbua mafundi wengi maishani mwake. Hakuwahi kujua inakuwaje mtu akikubali kosa ambalo si lake kwa sababu tu wewe ulilisema kwa sauti ya upole. Aibu aliyoisikia haikuwa ile ya Jumamosi ya kuogopa midomo ya watu. Ile ilikuwa ya usoni. Hii ilishuka mpaka miguuni, na alitamani awe mtu mwingine yeyote, hata yule fundi mbovu kuliko wote aliowahi kuwasema. Akanyoosha mkono akaichukua simu.

"Mwanangu, ni mjomba. Usipimwe kichwa. Ni waya. Ni waya wangu, niliupitisha juu ya korido mahali ambapo haupaswi kuwekwa, nikauunga ovyo. Umeungua. Ninao hapa. Wewe hujaunguza hata uzi mmoja."

 Alisikia mtu akivuta kiti upande wa pili, kisha pumzi yake karibu na simu.

"Umeuona leo?" akauliza.

"Leo nimepanda."

"Nauliza kingine, mjomba. Jumamosi, nilipokuomba upande. Ulikuwa hujui?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yake, mpana, na dada yake alikuwa anautazama pia, akimsihi kwa macho apite. Sikujua, mwanangu. Nani angejua? Nimeshangaa kama wewe. Maneno machache tu, na angebaki fundi aliyekosea, jambo ambalo humpata kila fundi.

"Nilijua," akasema. "Nilijua tangu mlangoni."

Kilio kilichotoka kwenye simu hakikuwa cha hasira, na ndiyo maana kilikuwa kigumu kukisikiliza. Alilia kama mtu aliyetuliwa mzigo na hapohapo akaona ni nani aliyemtwisha. Fundi Volti alisimama katikati ya korido, simu mkononi, hakuthubutu kuikata wala kusema pole. Ilipita dakika nzima, labda mbili. Kisha binti akapenga kamasi, na aliposema tena sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayejua bei ya kazi yake.

"Iko kwenye spika hii simu?"

"Iko."

"Mama anasikia?"

"Nasikia, mwanangu," dada yake akasema.

"Basi mimi nitarudi mkikaa tena. Watu walewale, shangazi awepo na mume wangu awepo. Mjomba aseme alivyosema sasa, yote, na hilo la mwisho aliseme pia. Mimi sitakaa kwenye kiti cha jikoni."

"Nitasema," akasema Fundi Volti.

"Sijakuuliza wewe, mjomba. Namuuliza mama."

Dada yake alifunika macho kwa kiganja. Alikaa hivyo mpaka mkamwana akaita "Mama?" mara mbili. Halafu aliitwaa simu kutoka mkononi mwa mdogo wake, akasema, "Njoo, mwanangu, njoo na cherehani yako," akakata. Akaanza kuitafuta namba ya wifi yake, lakini macho yalikuwa yamejaa maji, akafungua jina silo, akafunga, akafungua tena. Mwishowe alimnyooshea mdogo wake simu bila kumtazama usoni.

"Mpigie wewe," akasema. "Na usimzungushe."